Grauti ipi ununue unapobadilisha ya zamani

Kabla ya kufikiria rangi, chukua rula upime mwanya ulio kati ya vigae, ule unaojazwa grauti. Ukizidi milimita 3, nunua grauti yenye mchanga, kwa kuwa chembe zake huzuia grauti kusinyaa na kupasuka inapokauka. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, mchanga hauingii vizuri hadi chini. Nimeona sakafu nzima ikirudiwa kwa sababu ya kosa hili tu. Aina zenyewe ni hizi, nimezipanga kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi.

1. Grauti ya saruji yenye polima, yaani iliyotiwa kiungo cha plastiki. Kwa nyumba nyingi, hii ndiyo ya kununua. Soma mfuko: CG1 ni ya kawaida, CG2 ni bora zaidi. Herufi W huonyesha kwamba inanyonya maji kidogo, na A kwamba inastahimili msuguano, kwa hiyo sakafuni tafuta CG2 WA. Pima maji kama mfuko unavyoelekeza. Koroga, iache itulie kwa muda ulioandikwa, kisha koroga tena bila kuongeza kitu. Ikianza kukaza ndani ya ndoo, kuna kishawishi kikubwa cha kuilainisha kwa maji. Usikubali, hata fundi akikuhakikishia kwamba haina neno: maji ya ziada huidhoofisha na kuiachia mabaka ya rangi.

2. Grauti ya epoksi, yaani ya utomvu wa kiwandani badala ya saruji. Mfuko au ndoo yake huandikwa RG. Haipitishi maji, haishiki madoa ya mafuta na haihitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Ukutani pa bafu na juu ya meza ya jikoni ningeiweka ya kwanza. Imeshuka nafasi moja kwa sababu haimsamehe anayejifunza: hukauka haraka, na utando ukibaki juu ya kigae hadi ukauke, kuutoa ni kazi kubwa. Changanya sehemu zake mbili, utomvu na kigumishi, kwa vipimo kamili, usikadirie kwa macho.

3. Grauti laini isiyo na mchanga. Kwa mianya myembamba, na kwa marumaru ya jiwe asilia iliyong'arishwa, ambayo mchanga unaweza kuikwaruza. Mahali pake ni hapo tu, na hapo haina mpinzani.

4. Grauti iliyochanganywa tayari. Inafaa kuziba sehemu chache zilizobanduka. Bafuni huchukua muda mrefu kukomaa, basi usiinunue ikiwa familia lazima ioge kesho.

5. Kalamu na rangi za grauti. Zinaficha uchafu, hazizibi nyufa.

Kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu au na ukuta mwingine, usitie grauti ya aina yoyote kati ya hizi. Pande hizo mbili hazisogei sawasawa, na kitu kigumu kitapasuka. Nunua silikoni ya bafuni yenye kinga ya ukungu.

Sasa kifaa cha kutolea ile ya zamani, maana kupaka mpya juu yake ni kutupa pesa: tabaka jembamba hubanduka. Chimba angalau theluthi mbili ya kina cha mwanya. Kwa eneo dogo, msumeno wa mkono wa kukwangulia grauti unatosha, nao ndio salama zaidi kwa vigae. Kwa chumba kizima, chagua mashine ya umeme inayotikisa ubapa wa msumeno huku na huku, yenye ubapa wa kabaidi (metali ngumu sana). Wa almasi hudumu zaidi. Grenda naiweka mwisho kabisa. Ina kasi, lakini mkono ukiteleza mara moja kigae kimekatika. Vumbi la grauti lina silika inayodhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ya kuchuja vumbi laini iwe kwenye orodha ya manunuzi, pamoja na miwani.

Kuhusu kiasi: jumlisha urefu na upana wa kigae, gawanya kwa eneo lake, zidisha kwa upana na kina cha mwanya, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 1.6. Kigae cha 300 kwa 300, mwanya wa 3 na kina cha 8, kitahitaji takriban robo kilo kwa mita moja ya mraba. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa inayopotea, na hakikisha mifuko yote ina namba ile ile ya toleo, yaani ilitengenezwa pamoja, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo toleo hadi toleo.