Kabati la vioo pande zote: miezi minane nalo, vikombe vyangu vimetoka chini ya kitanda

Mimi ni mtu wa vitu vizuri tangu mdogo, nikikutana na kikombe kimechorwa kwa mkono sikipiti hivi hivi, lazima nikishike, nikigeuze nione chini kuna alama gani, na mara nyingi naondoka nacho. Vikombe, vibakuli, chupa za zamani za marashi, simbi na makombe ya baharini. Sasa miaka inaenda vitu vinaongezeka na nyumba ni ileile, kingo za madirisha zikajaa, juu ya friji pakajaa, nikaanza kuvifunga kwenye magazeti naviweka kwenye maboksi chini ya kitanda. Hapo ndo palikuwa pananiuma. Kitu nimekipenda mwenyewe nikakinunua, halafu miaka mitatu sijakitia machoni.

Ndo nikanunua hili kabati. Ni lile refu jembamba, vioo pande zote nne, fremu ya chuma, urefu mita 1.6 hivi, upana sentimita 43, kina 37, rafu tatu za kioo ukijumlisha na sakafu yake unapata ngazi nne. Kampuni sitaitaja, makabati ya aina hii yanatengenezwa na wengi na yanafanana mno, kwa hiyo ninayoyasema huenda yakakufaa hata ukinunua kwingine.

Kwanza uzito. Watu wanaona kitu kinapita mwanga wanadhani ni chepesi, lakini kioo cha milimita 4 kina kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo vioo peke yake hapa vinakaribia kilo 30, usijaribu kulifunga peke yako. Sisi tulikuwa wawili, tulitandika blanketi sakafuni, na hilo blanketi msilidharau kabisa maana kioo hiki kigumu kilichopitishwa kwenye moto kinavumilia kugongwa katikati lakini udhaifu wake uko pembeni, ukikidondosha kwa kona kwenye vigae hakipati ufa, kinamwagika chote kuwa vipande vidogo vidogo. Afadhali hivyo kuliko vipande virefu vya kukata mtu, ila kioo ndo umeshakipoteza. Na usifikirie kuja kutoboa tundu baadaye upitishe waya wa taa, ukigusa na drili kinapasuka.

Kufunga kwenyewe lisaa limoja na nusu, skrubu zote zilikuwepo. Mlango ndo uliotusumbua. Haukuwa unafunga, unasugua chini, nikakasirika nikaanza kulaumu bawaba, kumbe sakafu yetu imelala upande kidogo. Nikaleta pima maji nikaweka kikaratasi kigumu chini ya mguu mmoja na mlango ukakaa. Ila hata ukikaa sawa inabaki nafasi ya milimita kadhaa pembeni, vumbi linapita hapo, nimebandika utepe mwembamba wa sponji na sasa nafuta kila baada ya miezi miwili, zamani dirishani nilikuwa nafuta kila wiki. Kwa bei waliyoliuzia, huo utepe walitakiwa wauweke wao.

Sasa nije kwenye utamu. Rafu za kioo zimenipa kitu ambacho sikukitegemea. Vikombe vyenye alama nzuri chini nimeviweka ngazi ya juu kabisa, ukichuchumaa unainua macho unasoma alama kupitia kioo bila kugusa chochote. Halafu nina kikombe kimoja kidogo hakina mkono, nje ni cheupe tu, lakini ndani chini kabisa kuna samaki wa bluu, mkia wake umepigwa kwa brashi mara mbili tu na mpiga brashi hakurudia, unaona pale rangi ilipokolea na pale ilipoisha. Miaka yote hakuna mgeni aliyemwona huyo samaki. Nimemweka ngazi ya tatu na rafu ya juu yake nimeacha upande huo wazi, mtu akisimama anaangalia moja kwa moja mpaka ndani ya kikombe. Wiki ya kwanza mama alikuja, akasimama pale muda mrefu, akaniuliza umemnunua lini huyu. Nina miaka tisa naye!

Kwa wenye makombe na simbi someni hapa vizuri. Zangu zilikuwa kwenye droo ya mbao, nilipozitoa baadhi zina unga mweupe kama chumvi na kaharufu ka siki. Ule sio uchafu wala kuvu. Mbao nyingi, hasa mwaloni na zile mbao za kugandamizwa kwa gundi, zinatoa mvuke wa asidi, na kombe ni chokaa, kwa hiyo linaliwa taratibu. Wakusanyaji wanauita ugonjwa wa Byne, kwa jina la Mwingereza aliyeuandika mwaka 1899 akidhani ni bakteria. Ule mng'ao ukishaliwa haurudi. Ndo maana nilitaka chuma na kioo, lakini angalieni, hili la kwangu sakafu yake ni mbao ya kugandamizwa, kwa hiyo simbi nimezipandisha ngazi ya pili na huwa naacha mlango wazi kidogo hewa ipite. Na kama una vitambaa au picha za rangi ya maji usiliweke kabati panapopiga jua, kioo hakizuii rangi kufifia. Vikombe havina shida hiyo.

Kuna watu wananiambia hii tabia ni ugonjwa. Mimi namkumbuka Augustus mtawala wa Saxony kule Ujerumani, mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia wanajeshi 600 akapewa vyombo vya kauri 151 kutoka China, na mwaka huohuo akanunua jumba zima kule Dresden la kuviweka. Watu 600 kwa vyombo hapana, hilo silikubali, lakini ile hamu ya kutafuta nyumba ya vitu vyako naielewa kabisa.

Mimi jumba sina, nina hizi sentimita 43 kwa 37. Vitu vyangu nilivihesabu vikawa 112, vilivyoingia kwa kupumua ni 47, ukibana zaidi vinagusana na huoni kitu. Vilivyobaki nabadilisha kila miezi mitatu, na kila zamu nagundua kuna ambacho sitaki kukirudisha, hicho nampa mtu anayekipenda. Chupa mbili za kijani zimeshaenda kwa dada, ameziweka dirishani kwake na zinapendeza kuliko zilivyokuwa kwangu.

Nalipa nyota nne, ya tano imeondoka na ule mlango na ile sakafu ya mbao. Na kama una watoto nyumbani, kabla hujaweka hata kikombe kimoja lifunge ukutani kwa ile pembe ya chuma inayokuja kwenye boksi, iko kwenye kipakti kidogo kinachosahaulika, mimi niliikuta siku ya tatu.