Kufungisha sanrufu kwenye gari lisilokuja nayo: uzoefu wangu kabla hujakubali paa likatwe

Gari langu lilitoka kiwandani na paa zima la bati. Sasa lina sanrufu, yaani dirisha la kioo kwenye paa, ya umeme na ya aina ya spoila, ile ambayo kioo hunyanyuka upande wa nyuma kisha huteleza juu ya paa. Nimeridhika nayo, na ningeifungisha tena kwenye gari la umbo lilelile. Hata hivyo simshauri kila mwenye gari afanye hivyo. Watu wengi huanza kwa kuchagua kioo, ilhali uamuzi wenyewe uko chini ya bati: kuna nini kati ya bati na silingi (dari ya ndani ya gari), na tundu litakalokatwa litagusa nini?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kushusha silingi, angalau nusu ya mbele, kabla hujalipia chochote. Fundi anayepima kwa kugongagonga paa kwa nje na kusema "hapa panafaa" usimwachie gari. Bati la paa kwenye magari mengi ni chuma chembamba cha takriban milimita 0.7, na peke yake halina nguvu ya maana. Linashikiliwa na mihimili iliyokingama kutoka mlango hadi mlango: mmoja juu ya kioo cha mbele, mmoja usawa wa nguzo za katikati (zilizo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma), mwingine juu ya kioo cha nyuma. Magari marefu huwa na zaidi. Ule wa katikati ndio unaozuia paa lisikunjwe gari likigongwa ubavuni au likibingirika. Nafasi unayoitafuta iko kati ya mhimili wa mbele na huo wa katikati. Ipime kutoka ndani kwa futi ya mkono, halafu ilinganishe na kipimo cha fremu ya ndani ya sanrufu, si cha kioo, maana fremu humeza sentimita kadhaa kila upande. Ikiwa fremu haiingii bila kukata mhimili, chukua saizi ndogo au acha. Sanrufu nyingine huja na fremu nzito inayokusudiwa kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea, lakini mimi sikubali mhimili wa katikati ukatwe kwa sababu yoyote, na fundi anayeliona jambo hilo dogo amejieleza tayari.

Ukiwa bado umeshusha silingi, tazama kingo za paa kushoto na kulia. Huko ndiko zinakokunjwa eabegi za pazia, mifuko ya hewa ya kinga inayoshuka mbele ya vioo vya milango. Volvo ilizileta kwenye S80 mwaka 1998 na baadaye zikasambaa kwa watengenezaji wengine, kwa hiyo gari lolote la miaka ya karibuni lihesabu kuwa linazo mpaka uhakikishe vinginevyo. Dalili ya haraka ni maandishi ya eabegi kwenye plastiki za nguzo. Spoila hukaa katikati ya paa, hivyo mara nyingi huwa mbali nazo. Sanrufu ya kuzama ndani, ile ambayo kioo huingia chini ya bati, ina trei pana ya kukinga maji, na mipira yake ya kutolea maji hushuka ndani ya nguzo zilezile zinazopitisha pazia. Mpira ukipita juu ya eabegi, au ukifungwa pamoja nayo kwa kamba za plastiki, pazia halitafunguka linavyotakiwa. Kabla ya kugusa eneo hilo, waya hasi wa betri utolewe na gari lisubiri muda unaotajwa kwenye kitabu chake. Mimi hutaka dakika 10 zipite hata kitabu kikitaja chache.

Umbo la paa nalo huamua. Fremu nyingi zinaweza kupindishwa kidogo zifuate mbinuko wa kawaida, basi. Paa lenye matuta marefu ya bati, kama ya magari mengi ya mizigo, halifai, kwa sababu mpira wa fremu hautakaa juu ya tuta na bondeni kwa wakati mmoja. Paa la alumini linahitaji skrubu na praima (rangi ya msingi ya kulinda bati) zinazolingana nalo, la sivyo pale chuma na alumini vinapogusana kwenye unyevu alumini italika. Na kama unabeba mizigo juu, kumbuka kwamba spoila ikifunguka kioo chake kinapanda juu ya paa. Vyuma vya keria vikiwa njiani kitavigonga.

Sasa aina zenyewe. Ya kunyanyua kwa mkono ni kioo kinachofunguka upande wa nyuma kwa sentimita chache na mara nyingi unaweza kukitoa kabisa. Haina mota, ni nyepesi, na vitu vya kuharibika ni vichache mno. Anayetaka hewa tu, hii inamtosha. Spoila huongeza mota na uwazi mkubwa, na haili nafasi ya kichwa isipokuwa unene wa fremu ya ndani. Ya kuzama ndiyo inayofanana zaidi na ya kiwandani, kwa sababu kioo huteleza kati ya bati na silingi. Gharama yake kwa mwili wa gari ni kubwa: silingi nzima hutoka na kushonwa upya, kimo cha ndani hupungua sentimita 3 hadi 5, na uzito juu ya paa unaweza kupita kilo 20. Mtu mrefu akae kwenye kiti chake na kupima nafasi iliyo juu ya kichwa kabla ya kuifikiria. Webasto ya Ujerumani imeuza aina hizi zote za kufungwa baadaye chini ya jina Hollandia, na hata kama hununui kwao, michoro yao inasaidia kuelewa tofauti.

Panorama ya kufunguka, ile inayofika hadi viti vya nyuma, usiitafute. Magari yanayotoka nayo yalichorwa tangu mwanzo kwa paa la namna hiyo. Vilevile kuna wanaopendekeza kununua sanrufu ya kiwandani iliyotolewa kwenye gari lililokatwakatwa. Paa la kiwandani limekandamizwa kwa mashine likawa na ukingo ulioshuka chini na pete ya chuma ya kuimarisha. Bati lako halina ukingo huo. Ili ikae sawa itabidi ubadilishe paa zima kwenye nguzo, na hapo umeshaingia kwenye uchomeleaji wa mwili wa gari.

Ukataji wenyewe ndio unaotenganisha fundi na mbabaishaji. Mstari wa katikati ya paa upatikane kwa kupima kutoka kingo zote mbili, mbele na nyuma ya eneo. Kigezo cha karatasi kilichokuja na sanrufu kibandikwe juu yake, na paa lote linalozunguka lifunikwe kwa tepu na nailoni. Tundu la kuanzia litobolewe kwa drili ndani ya eneo litakalotupwa. Baada ya hapo chombo sahihi ni nibla, mashine ya mkononi inayong'ata bati vipande vidogo vidogo bila cheche. Jigsoo, ule msumeno wa umeme wa mkononi, hutetemesha bati hadi likapinda, na grainda ni mwiko: cheche zake huchoma rangi, huungua kwenye vioo na kuacha madoa ambayo hayatoki. Bati likikaribia kuachia, mtu wa pili alishike kutoka ndani lisije likaning'inia na kupinda ukingo.

Chenga za chuma zikusanywe mara moja kwa sumaku na mashine ya kufyonza vumbi. Zikilala usiku mmoja kwenye paa lenye umande, asubuhi rangi ina vidoa vya kahawia. Ukingo uliokatwa hulainishwa kwa tupa, husafishwa, kisha hupakwa praima ya kuzuia kutu mara mbili, na kila mkono ukauke. Hapa ndipo haraka inapoua kazi. Ukataji huondoa rangi na ile tabaka ya zinki iliyokuwa ikilinda bati, na kutu itakayoanza chini ya fremu hutaiona mpaka itokeze nje ya mpira. Dai kuuona ukingo huo kwa macho yako, umepakwa na umekauka, kabla fremu haijawekwa. Fundi mzuri hatachukia.

Fremu hubanwa kwa skrubu kutoka ndani, pete ya chini ikivuta fremu ya juu. Zikazwe kwa mkono, kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye pembe, kwa kupokezana upande na upande. Ukitumia mashine ya kukazia, bati linazama kwenye kila skrubu na mabonde yanaonekana wazi mwanga ukipita juu ya paa. Na uwe macho na silikoni. Mpira wa fremu ukikaa vizuri hauhitaji nyongeza isipokuwa maelekezo ya mtengenezaji yaseme hivyo, na silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, ambayo hula chuma. Ukimwona fundi anapaka silikoni pande zote, elewa kwamba tundu limekatwa kubwa mno au paa halikuendana na fremu.

Tuje kwenye maji, jambo linaloogopwa kuliko yote na kueleweka vibaya kuliko yote. Kwenye spoila na ile ya kunyanyua, mpira ndio unaozuia maji, kwa hiyo ikivuja kosa liko kwenye mpira, ukazaji au umbo la paa. Kwenye ya kuzama, mpira wa kioo haukukusudiwa kuzuia kila tone. Maji kidogo hupita, huangukia kwenye trei inayozunguka kioo kama mfereji wa paa la nyumba, kisha hutoka kwa mipira minne: miwili hushuka kwenye nguzo za mbele na miwili kwenye za nyuma. Ndiyo maana anayebadilisha mpira wa kioo mara mbili bila nafuu huwa anatibu pasipouma. Zulia la mbele likiloa, au maji yakidondoka karibu na taa ya ndani unapofunga breki, mpira wa maji umeziba au umechomoka. Jaribio ni rahisi: mimina kikombe cha maji, kama mililita 250, kwenye kila pembe ya trei, mtu mwingine aangalie chini ya gari. Yanatakiwa yatoke mara moja. Yakibaki, pitisha uzi mnene wa nailoni wa milimita 2 hivi, taratibu. Usipige upepo wa kompresa, kwani mpira hufunguka kwenye maungio yake juu ya silingi na tatizo dogo huwa kubwa.

Umeme hauna mengi. Mota ipewe waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi, na fyuzi yake yenyewe ya saizi iliyoandikwa kwenye maelekezo. Kuidandia kwenye waya wa taa ya ndani ni kosa, maana waya huo ni mwembamba kwa mzigo wa mota. Hakikisha kinga ya vidole inafanya kazi: zungusha taulo liwe roli, liweke kwenye njia ya kioo, funga. Kioo kikigusa taulo kirudi nyuma. Kama sanrufu yako haina kinga hiyo na una watoto garini, chagua nyingine.

Katika matumizi, faida niliyoithamini zaidi ni kutoa hewa moto. Ukinyanyua kioo upande wa nyuma gari likianza kutembea, joto lililojikusanya juu hutoka upesi. Lakini gari lililoegeshwa juani hupata joto zaidi kuliko lilipokuwa na bati, hata kioo kikiwa cheusi, kwa hiyo pazia la ndani ni lazima, na spoila nyingi huuzwa bila hilo. Kelele ipo. Karibu na kilomita 50 hadi 80 kwa saa, sanrufu ikiwa wazi kabisa, hewa inaweza kuanza kupiga kwa mdundo mzito unaosikika masikioni kama shinikizo. Shusha dirisha la nyuma kidogo au rudisha kioo kidogo kisiwe wazi kabisa, mdundo unakatika. Bapa la kuelekeza upepo kwenye ukingo wa mbele hupunguza sana, na nisingechukua spoila ambayo kioo chake hakina namna ya kuukata upepo.

Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kabla ya kazi, kwa sababu tundu kwenye paa ni mabadiliko ya mwili wa gari na linaweza kuwa hoja siku ya madai. Waranti ya kutu ya mtengenezaji nayo haitafunika sehemu iliyokatwa. Baki na risiti, maelekezo na namba ya kioo. Vioo vya ziada hufuata modeli ya sanrufu na wala si ya gari.

Matunzo ni ya kawaida: futa mpira kwa kitambaa chenye maji, pakaza grisi ya silikoni kidogo, na uziepushe njia za kioo na oili za petroli, kwa kuwa huvimbisha mpira na kushika vumbi. Mota ikigoma kioo kikiwa wazi, angalia fyuzi kwanza. Ikiwa nzima, sanrufu nyingi zina tundu kwenye mota la kuzungushia kwa alenki, kile kispana cha pembe sita. Muulize fundi tundu hilo liko wapi na utoe kifuniko chake mwenyewe mbele yake, kisha alenki hiyo ikae kwenye dashibodi, isiachwe kwenye sanduku la vifaa nyumbani.