TeX Live kwenye Ubuntu: ichukueni kwa wenyewe

Riziki yangu ni kupanga tasnifu na mitihani ya hisabati, na kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04. TeX Live, mkusanyiko wa programu za kupanga kurasa kwa LaTeX, ni bure na milinganyo yake inapendeza, sina la kuilaumu hapo. Linalonigusa ni namna ya kuiweka.

Wengi hutumia apt, kisakinishi cha Ubuntu: huandika `sudo apt install texlive-full`, basi. Inafanya kazi, ila Ubuntu 22.04 imebaki na TeX Live ya 2021, na haipandi mpaka ubadilishe Ubuntu yenyewe. Akija mwanafunzi na kiolezo cha chuo kinachodai kifurushi kipya, utakwama naye, kwani tlmgr ya Ubuntu (tlmgr ndiyo programu ya TeX Live ya kuongeza na kusasisha vifurushi) haigusi vilivyowekwa na apt.

Mimi napakua install-tl-unx.tar.gz kutoka CTAN, hazina rasmi ya TeX mtandaoni, naifungua, naendesha install-tl na kuielekeza kwenye folda yangu ya nyumbani, ili tlmgr isiniombe sudo, yaani ruhusa ya mkuu wa mfumo, kila mara. Halafu nachagua scheme-small, seti ndogo ya vifurushi. Ile ya full inakula zaidi ya gigabaiti 7 za diski, na hata kuipakua tu, bando letu tunalijua! Nyaraka nazo naziacha kwa `--no-doc-install`. Mtandao ukikatika katikati, inabaki faili ya installation.profile, ukiipa install-tl kwa `--profile`, kazi inaendelea. Kifurushi kikikosekana, `tlmgr install siunitx`, imeisha. Usipojua faili imo kwenye kifurushi gani, `tlmgr search --global --file` itakutajia.

Usumbufu upo. Kila mwaka toleo jipya likitoka, la zamani hugandishwa na tlmgr hukataa kulisasisha kutoka hazina mpya. Unaweka upya na kurekebisha PATH, orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu. Lakini hapo hapo ndipo ninapoipenda zaidi: kila toleo lina folda ya mwaka wake, la jana halifutwi na la leo. Tasnifu iliyopangwa kwa 2023 naifungulia 2023 ileile, na kurasa zinatoka kama msimamizi alivyozipitisha. Kwa kazi yangu hilo ni jambo kubwa mno.

Jihadharini pia na programu za apt zinazoivuta TeX Live ya Ubuntu kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni kifurushi bandia kinachotengenezwa kwa equivs, ili apt idhani TeX Live yake tayari ipo.

Anayeandika barua na wasifu tu achukue texlive-latex-recommended ya apt, itamtosha kabisa. Wa tasnifu aje huku.