Mafuta yapi yabebe dawa ya nguzo? Uzoefu wangu Tanga

Dawa ninayotumia kuzuia nguzo za mti zisioze ni nafthenati ya shaba, ile ya kijani yenye harufu kali, ya shaba asilimia 8. Kwa nguzo ya kuzikwa naipunguza hadi asilimia 2: lita 1 ya dawa, lita 3 za mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayoamua dawa itaingia wapi na itakaa muda gani.

Kwa nguzo za uzio nachagua dizeli. Ni nyepesi, inapenya, na kwa kuwa hairuki haraka inaendelea kuyazuia maji yasiingie ndani ya mti. Kasoro yake ni kwamba rangi haishiki juu yake. Mafuta ya taa hupenya upesi zaidi lakini huruka, dawa ikabaki peke yake. Yanatosha kwa kenchi za paa, si kwa mti unaolowa masika nzima.

Mafuta ya nazi siyashauri kabisa. Hayakauki, yanachacha, na kuvu huyala. Ya mbegu za kitani hukauka, yanafaa mlango uliokingwa na mvua, ila bila dawa nayo huota ukungu mweusi. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivirundike: hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje.

Oili chafu inapendwa kwa weusi wake, lakini ni nzito, hubaki juujuu, haina sumu ya kutosha kwa kuvu, na ina madini yanayochafua udongo. Usiiweke karibu na kisima. Sifa, yaani mafuta ya ini la papa, inafaa jahazi kwa sababu hupakwa tena na tena, na maji ya chumvi yenyewe huwakatisha kuvu tamaa. Nguzo iliyozikwa haipati nafasi hiyo.

Kosa kubwa ni kuloweka mti mbichi. Ukijaa maji, mafuta hayana pa kuingia. Menya gome, anika kivulini mpaka mti ukauke vizuri, toboa na kata kila kitu kwanza, kisha simamisha nguzo kwenye pipa saa 48. Kama utazika sentimita 60, dawa ifike 80, kwa sababu uozo huanza pale udongo unapokutana na hewa. Kiini kigumu hakinywi. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo inayobeba dawa, kwa hiyo usiichonge. Ukilazimika kukata baadaye, paka dawa hapo hapo mara mbili.