Diski za filamu za zamani za wapelelezi: uanze na ipi?

Ukiwa na hela ya diski moja tu, chukua The Maltese Falcon ya 1941, toleo la 4K (diski ya picha kali zaidi) lililotoka 2023. Riwaya ya Dashiell Hammett ilikwisha tengenezewa filamu mara mbili, 1931 na 1936, kabla John Huston hajaishika, tena ikiwa ndiyo kazi yake ya kwanza ya uongozaji. Akamweka Humphrey Bogart kuwa mpelelezi Sam Spade. Tajiri mnene anayeisaka sanamu ya kipanga akapewa Sydney Greenstreet, mzee wa jukwaani ambaye hakuwahi kucheza filamu. Mwangalie anavyoikwangua sanamu ile kwa kisu, taratibu kwanza, kisha kwa pupa. Anachokikuta sisemi. Wahakiki waliisifu tangu mwanzo. Ilipendekezwa kwa Oscar 3 ikatoka mikono mitupu.

Huna mashine ya 4K? Tafuta DVD ya diski tatu ya 2006, hata iwe ya mkononi. Ndani mna zile filamu mbili za awali, na kwa mtu anayependa kulinganisha hii ndiyo raha yenyewe.

Ya pili ni The Big Sleep ya mwongozaji Howard Hawks, Blu-ray ya 2016. Bosley Crowther, mhakiki wa New York Times, alilalamika kwamba inachanganya akili, na hakukosea. Diski hii ina matoleo yote mawili: la 1945, lenye mazungumzo marefu ya kufafanua kesi, na la 1946, ambalo liliyaondoa na kuwaweka Bogart na Lauren Bacall wakitaniana kwa lugha ya farasi wa mashindano. Mimi nachagua la 1946, nibaki nimechanganyikiwa.

Laura ya 1944 ni ya tatu. Upigaji picha wake ulishinda Oscar, na kwa dakika 88 haichoshi.

Filamu ya D.O.A. usiikimbilie. Hakimiliki yake Marekani ilikwisha, kila mtu anaichapa, na kwenye nakala hafifu vivuli vyote huwa tope. Ionje kwanza mtandaoni bure.

Kabla ya kulipa, uliza kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Blu-ray iliyofungiwa kanda A ya Marekani haitacheza kwenye mashine ya kwetu ya kanda B. DVD zao ni kanda 1, zetu 5. Diski za 4K hazina kufuli hiyo. Na muuzaji akikuletea Falcon iliyotiwa rangi (ya asili ni nyeusi na nyeupe), mrudishie: Huston mwenyewe aliipinga hadharani.