Wakala wa matangazo ya mtandaoni karibu na Makoroboi: bango zuri, ushauri mbovu

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpa kazi wakala mmoja wa matangazo ya mtandaoni, mwenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani si mbali na Makoroboi hapa Mwanza, anitangazie semina ya siku moja kuhusu sarafu za kidijitali kama Bitcoin niliyowaandalia wafanyabiashara wa dagaa na mabondo (vibofu vya samaki) wa soko la Mwaloni, Kirumba. Bei ilikuwa shilingi 150,000: 90,000 za kulipia tangazo lenyewe na 60,000 ujira wake.

Kwa mapokezi na kazi ya picha sina lawama, kwani kijana anajua kutengeneza bango na simu hupokea hata saa mbili usiku. Kasoro ilianzia kwenye maneno. Mimi nilimwandikia kwamba ni semina ya kuzielewa sarafu za kidijitali na kuutambua utapeli wake. Yeye aliona maneno hayo hayavuti, akaweka "Jifunze Bitcoin, ongeza kipato ndani ya siku 30", juu ya picha ya noti za elfu kumi zilizotandazwa kama dagaa juani. Saa moja haikwisha, mtandao ukalikataa tangazo. Badala ya kuniuliza, alilirudisha likiwa limeandikwa "B1tco1n", herufi zikiwa zimegeuzwa tarakimu ili mtambo wa ukaguzi usilisome, nalo likakataliwa. Mara ya tatu alilifuta neno lote akaweka mchoro wa sarafu ya dhahabu, na hapo ndipo akaunti yangu ya matangazo ilipofungwa, pamoja na ukurasa ambao kwa miaka minne nimeuzia vifaa vya simu.

Nilipomfuata ofisini alinijibu bila wasiwasi: "Kaka, hawa hawataki tutajirike. Rais mwenyewe alishalizungumza hapa hapa Mwanza, na kodi tunakatwa." Ni kweli kwamba Juni 2021, alipozindua jengo la Benki Kuu hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wa sarafu hizi, na ni kweli pia kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini kuambiwa ujiandae si kupewa leseni, na kukatwa kodi si kuthibitishwa kuwa mwaminifu. Benki Kuu yenyewe, katika tangazo lake kwa umma la Novemba 2019, ilisema sarafu hizi si fedha halali nchini.

Leseni ndiyo kiini cha masharti ya mitandao kuhusu matangazo ya sarafu hizi, na wakala anayeuza huduma ya matangazo alipaswa kulijua hilo kabla ya kupokea fedha yangu. Facebook ilipiga marufuku matangazo ya sarafu za kidijitali Januari 2018, na Google na Twitter zikatangaza hatua kama hiyo Machi mwaka huohuo. Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo: kampuni ya kubadilisha sarafu hizo iombe kibali, ioneshe leseni ya msimamizi wa fedha anayetambulika, ndipo itangaze. Desemba 2021 Meta, kampuni mama ya Facebook, iliongeza idadi ya leseni inazozitambua kutoka 3 hadi 27.

Sababu ya masharti hayo haihitaji msomi kwa mtu aliyewahi kutuma fedha kwa simu. Ukikosea namba na kupiga huduma kwa wateja mapema, muamala huweza kuzuiwa na fedha ikarudi; Bitcoin ikishatumwa na kuthibitishwa, hakuna wa kumpigia. Sisi tuliushuhudia upatu wa DECI, uliofungwa mwaka 2009 baada ya watu wengi "kupanda mbegu" wakisubiri mavuno, na ulisambaa kwa midomo ya ndugu na majirani tu. Upatu wa namna ile ukilipiwa tangazo, unafika Igoma, Sengerema na Ukerewe kabla ya chai ya saa nne. Mtandao nao hauzuii matangazo haya kwa huruma peke yake: unapokea fedha ya kila tangazo, hivyo unaweza kushtakiwa. Machi 2022 mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Australia iliishtaki Meta kwa matangazo ya utapeli wa sarafu hizi yaliyobandikwa sura za watu mashuhuri.

Mashtaka hayo yanaonesha pia kwamba uzio una matundu, na tapeli mwenye akaunti mia za bandia hupenya pale ambapo mwenye duka la vifaa vya simu ananaswa. Hilo linaniudhi. Hata hivyo, nikilisoma upya tangazo lililopelekwa kwa jina langu, lenye ahadi ya siku 30 na herufi zilizofichwa, ningekuwa mimi mkaguzi ningelikataa vilevile.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba njia halali ilikuwepo: habari, elimu na matukio kuhusu teknolojia hii, mradi hayauzi kitu kinachohitaji kibali, hutangazwa bila leseni. Nilikata rufaa mwenyewe, akaunti ikafunguliwa baada ya siku tisa, nikaweka maneno yangu ya mwanzo pamoja na picha ya turubai la dagaa, na tangazo likapita siku hiyohiyo. Walikuja watu 31, mmoja wao akiwa mama wa mabondo aliyenionesha kwenye simu yake ujumbe wa mnunuzi asiyemfahamu, aliyemtaka alipie kwanza "ada ya kufungua pochi" ya sarafu hizo ndipo alipwe.

Kwa bango la harusi au duka jipya, nendeni kwake, kazi yake ni nzuri. Kwa jambo lolote la fedha nampa nyota moja kati ya tano. Zile 60,000 za ujira nimemwomba mara tatu anirudishie, na risiti ninayo.