Seremala wa Mwembe Tayari aliyeziba matundu ya gitaa langu

Gitaa langu ni Epiphone Les Paul jeusi. Niliivua pikigadi, kile kibao cha kukinga mwili wa gitaa usichubuliwe, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi ya hapa Mombasa zilishaanza kuzila skrubu zake. Kwa gitaa la aina hii kazi ni nyepesi: skrubu moja juu, nyingine ubavuni, basi. Mwenye gitaa la Stratocaster asiige, maana pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) na nyaya zimeshikiliwa na pikigadi yenyewe.

Yakabaki matundu mawili. Fundi wa kwanza alitaka kuyapaka puti ya ukutani, nikaondoka na gitaa langu.

Mzee wa Mwembe Tayari hutengeneza vitanda, lakini mkono wake! Alichonga kijiti cha mbao, akakichovya kwenye gundi nyeupe, akakigonga polepole mpaka kikakaza, kisha akakikata kwa wembe usawa wa mwili wa gitaa. "Gundi ilale mpaka kesho, mwanangu." Kesho yake akadondoshea rangi nyeusi kwa ncha ya sindano, tabaka tatu, ilipokauka akasugua na msasa wa maji.

Nililipa shilingi 500. Tundu la ubavuni silioni tena; la juu huonekana kidogo nikiliinamisha gitaa kwenye taa. Nimeridhika kabisa.